Mota ya kupandia mlima: habu yenye gia, habu isiyo na gia, au mota ya katikati?

Baiskeli ya umeme ikishindwa na mlima, wazo la kwanza huwa ni wati. Ninayo ya 250, nikifunga ya 1000 mambo yatakaa sawa. Nami niliwaza hivyo hivyo, na ndiyo maana nina kopo lenye vigia vitatu vya nailoni vilivyonyolewa meno upande mmoja, nimevitunza kama mtu anavyotunza jino lililong'olewa. Mota iliyovitafuna ilikuwa na nguvu za kutosha. Kilichoiua ni kutambaa.

Kwa hiyo kabla ya kulinganisha mota na mota, pima kwanza mlima wako. Jambo moja litaamua karibu kila kitu: pale mahali pabaya kabisa, miguu yako na mota vikisaidiana, baiskeli inakwenda kilomita ngapi kwa saa?

Mlima unadai kiasi gani

Chukua mtu wa kilo 75 juu ya baiskeli ya kilo 25, magurudumu ya inchi 26, hakuna upepo. Nimepiga hesabu ya kinachotakiwa kufika kwenye gurudumu la nyuma. Mwinuko wa asilimia 10 maana yake kila mita 100 za kwenda mbele unapanda mita 10. Torki ni nguvu ya kusokota, ile unayoitumia kufungua nati kwa spana; hupimwa kwa Nm, yaani nyutoni-mita.

| Mwinuko | Torki kwenye gurudumu | Wati ukienda km 10 kwa saa | Wati ukienda km 20 kwa saa |
|---|---|---|---|
| 5% | Nm 20 | 165 | 390 |
| 10% | Nm 35 | 300 | 660 |
| 15% | Nm 51 | 430 | 920 |
| 20% | Nm 67 | 560 | 1180 |

Angalia safu ya torki. Mlima wa asilimia 15 unadai Nm 51 ukitambaa, na ukikimbia unadai karibu zile zile. Wati ndizo zinazopanda na mwendo. Sasa angalia mstari wa asilimia 10: kwa kilomita 10 kwa saa zinatakiwa wati 300 tu, na mtu wa kawaida akikanyaga kwa bidii anatoa 100 hadi 150. Zinazobaki, mota ndogo ya wati 250 ingezimudu bila jasho. Mbona basi inashindwa?

Kwa sababu gurudumu la inchi 26 likienda kilomita 10 kwa saa linazunguka kama mara 80 tu kwa dakika. Kwa kilomita 25 linazunguka kama mara 200. Mota ya habu (ile inayokaa katikati ya gurudumu) iliyotengenezwa kwa ajili ya mizunguko 200 inalazimishwa kufanya kazi kwa 80, na hapo ndipo umeme unapogeuka joto.

Mkondo wa umeme, yaani ampea, ndio unaozaa torki. Lakini huo huo ndio unaochemsha waya za ndani, na joto lake hupanda kwa mraba: ukizidisha ampea mara mbili, joto linazidi mara nne. Mota inayokwenda kwa mwendo wake hugeuza sehemu kubwa ya umeme kuwa mwendo, asilimia 80 hivi. Ukiiburuza kwa mwendo wa mtu anayekimbia pole huku umefungulia umeme wote, inaweza kula nusu ikaigeuza joto tu. Tuseme zinaingia wati 600, zinatoka 300. Hizo 300 nyingine ni sawa na balbu tatu za kizamani za wati 100, zile za kuunguza vidole, zikiwa zimefungiwa ndani ya kopo lisilo na tundu.

Habu yenye gia

Hii ndiyo iliyo kwenye baiskeli nyingi za bei nafuu. Kwa nje ni kopo dogo katikati ya gurudumu. Ndani kuna mota ndogo inayozunguka kwa kasi, na vigia vitatu vinavyopunguza kasi hiyo kama mara tano kabla ya kufika kwenye gurudumu. Kwa hiyo gurudumu likizunguka mara 80, mota ya ndani inazunguka kama mara 400. Si haba. Ndiyo maana kwa uzito wake, ambao mara nyingi ni kilo 2 hadi 4, hupanda vizuri kuliko inavyoonekana. Ina pia klachi ya upande mmoja, hivyo umeme ukiisha unapiga pedali bila kuiburuza.

Udhaifu wake uko sehemu mbili. Vigia vyake kwa kawaida ni vya nailoni ili visipige kelele, na nailoni na joto haviivi chungu kimoja. Pili, moyo wa mota umezungukwa na hewa ndani ya kopo, joto halina njia ya kutoka. Mlima wa dakika mbili inaupanda na kupoa baadaye. Mlima wa dakika kumi na tano ni habari nyingine.

Yangu niliiongezea ampea, kutoka 15 hadi 22, kwa kubadilisha kontrola peke yake, kile kisanduku kinachoamua umeme kiasi gani utoke kwenye betri kwenda kwenye mota. Wiki ya kwanza nilijiona mjanja. Wiki ya tatu, katikati ya mpando mrefu, ikaanza sauti kama kijiko kinachotikiswa ndani ya kikombe cha bati, kisha mota ikawa inavuma kwa furaha na baiskeli imesimama. Nilipofungua kopo, grisi ilikuwa nyeusi, nyepesi kama mafuta ya kula, na meno ya vigia yamelala upande mmoja kama nyasi zilizokanyagwa. Vigia vya chuma vinauzwa, na watu huvifunga. Vinapiga kelele kama mashine ya kusaga, na tatizo linahamia kwenye klachi.

Ukiamua kubaki na aina hii, ujanja upo kwenye idadi ya mizunguko. Mota ile ile mara nyingi huuzwa kwa mizunguko tofauti, mfano moja ya 200 kwa dakika na nyingine ya 330, kwa volti zile zile. Kwenye gurudumu la inchi 26, ya 200 inaishia karibu na kilomita 25 kwa saa, ya 330 inavuka 40. Kwa mlima chukua ya 200, wala usibembelezwe. Itatoa torki ile ile kwa ampea chache, na ukiwa unapanda kwa kilomita 12 itakuwa karibu zaidi na mwendo wake.

Habu isiyo na gia

Hapa gurudumu lenyewe ndilo mota. Sumaku zimepangwa kwenye duara la nje, koili ziko ndani kwenye ekseli, hakuna gia wala klachi, hakuna kinachosagana isipokuwa beringi. Ni nzito, kilo 5 hadi 8 kwa zile za maana, na uzito huo ndio baraka yake: chuma na shaba nyingi huchukua muda kupata moto. Mlima mkali wa mita 300 inaupanda, inafika juu vuguvugu.

Lakini gurudumu likizunguka mara 80, mota nayo inazunguka mara 80. Hakuna cha kuisaidia. Ili ipande inahitaji ampea nyingi, na ampea nyingi zinahitaji kontrola kubwa na betri inayoweza kuzitoa. Kwenye mlima mrefu, mwinuko wa asilimia 12 na kuendelea, mwendo ukishuka chini ya kilomita 12 hivi, inakunywa betri kama mtu aliyetoka jangwani, na mwisho inachemka kama wenzake. Imechelewa tu.

Faida yake ambayo nyingine mbili kwa kawaida hazina ni breki ya umeme. Ukishuka, kontrola inayofaa inaigeuza mota kuwa jenereta: inakushika kasi na kurudisha umeme kidogo kwenye betri. Sizungumzii mabadiliko makubwa ya masafa. Kinachonifurahisha ni breki kutoungua kwenye mteremko wa kilomita tatu. Hasara yake ya kila siku ni kwamba umeme ukikatika, sumaku zinavuta, na unahisi kama breki ya nyuma imeshika kidogo.

Kwa hizi kubwa kuna pia maji ya sumaku, matone machache yanayoingizwa kati ya sumaku na koili. Yanapitisha joto kwenda kwenye kopo la nje, na yanasaidia kweli. Usiyatie kwenye habu yenye gia.

Mota ya katikati

Hii inakaa kwenye ekseli ya pedali, na nguvu yake inapitia kwenye cheni na gia zako za nyuma. Hapo ndipo mchezo unapobadilika. Sproketi ya mbele ikiwa na meno 42 na ya nyuma 42, gurudumu likizunguka mara 80 pedali nazo zinazunguka mara 80. Huo ni mwendo mzuri wa miguu, na ni mwendo mzuri wa mota pia. Mlima ukizidi ukali, unashusha gia, mwendo unapungua, lakini mota inaendelea kuzunguka inavyopenda. Kati ya hizi tatu, ni hii tu inayoweza kutambaa bila kuchemka.

Ila sifa hiyo ina sharti, na wengi wanalisahau: lazima uwe kwenye gia sahihi. Chukua mota ya Nm 80 kwenye ekseli ya pedali. Kwa 42 mbele na 42 nyuma, gurudumu linapata Nm 80. Kwa 42 mbele na 21 nyuma, linapata 40. Ukiisahau kwenye sproketi ndogo ya meno 11, linapata 21 tu, hazitoshi hata kwa mwinuko wa asilimia 10, na mota inakwama na kuungua kama habu yoyote. Nimeona watu wakilaani mota ya katikati wakati kosa lilikuwa kwenye kidole gumba.

Kwa hiyo namba za torki za aina mbili hizi usizilinganishe moja kwa moja. Nm 60 za habu ni za gurudumu. Nm 60 za mota ya katikati ni za pedali, na zitazidi au kupungua kulingana na gia. Vilevile wati zilizoandikwa ubavuni zisikutishe wala kukutamanisha. Mota ya katikati ya Bosch Performance Line CX imeandikwa wati 250, na ilitangazwa kwa Nm 85. Shimano EP8 hivyo hivyo. Hiyo 250 ni kiwango cha kufanya kazi mfululizo kinachotakiwa na sheria za Umoja wa Ulaya, pamoja na msaada wa mota kukatika kwenye kilomita 25 kwa saa. Kwa muda mfupi hutoa zaidi ya maradufu. Marekani kiwango kinachotajwa ni wati 750. Angalia sheria ya unapoendesha kabla ya kufunga kitu kikubwa, maana ajali ikitokea, watu wa bima ndio watakaokuwa wa kwanza kusoma maandishi ya ubavuni.

Hasara? Cheni. Miguu yako na mota vyote vinavuta kwenye kamba moja. Ukibadilisha gia huku mota inasukuma, utasikia mlio wa kuvunjika mfupa, na siku moja cheni itakatika kweli. Yangu ilikatika mwanzo kabisa wa mpando, pale ambapo kila mtu hugundua kwamba amechelewa kushusha gia. Kuna kihisi kinachofungwa kwenye waya wa gia na kukata umeme kwa kitambo kifupi wakati wa kubadilisha. Kinunue pamoja na mota, usingoje. Hata hivyo cheni na sproketi za nyuma utazibadilisha mapema zaidi kuliko zamani, na friwili nyepesi hazidumu.

Kama fremu yako ina ekseli ya pedali ya kawaida, upana wa milimita 68 au 73, seti za kufunga mwenyewe huingia: Bafang BBS02, kaka yake BBSHD inayotangazwa kwa Nm 160, au Tongsheng TSDZ2. BBSHD ni nyingi mno kwa baiskeli ya kawaida, na cheni itakwambia. Kwa anayependa kukanyaga, TSDZ2 ina kihisi kinachopima unavyokandamiza pedali na kuongeza nguvu kwa kadiri hiyo. Mbili za Bafang huangalia tu kama pedali zinazunguka. Kwenye mpando mkali tofauti hiyo inahisika, maana ukikandamiza inajibu papo hapo. Nyingi za seti hizi huja na sproketi kubwa ya mbele, meno 42 hadi 46 hivi. Kwa milima tafuta ndogo zaidi, ila pima kwanza mstari wa cheni, kwa sababu ubavu wa mota unaisukuma sproketi ndogo nje na cheni ikifika kwenye gia kubwa ya nyuma inakwenda upande.

Kama baiskeli yako ilitoka kiwandani na Bosch au Shimano, sahau habari ya kuweka mota kubwa ya kampuni nyingine. Fremu imechongwa kwa umbo la mota ile. Kilichobaki hapo ni sproketi: ndogo mbele, kubwa nyuma.

Kosa la volti

Ushauri unaosikika sana ni kuhama kutoka volti 36 kwenda 48. Volti huongeza kasi ya juu. Torki inatokana na ampea. Ukiweka betri ya volti 48 huku kontrola inatoa ampea zile zile 15, pale mota inapotambaa na kontrola imeshafika kikomo cha ampea inazopeleka kwenye mota, msukumo hauongezeki. Faida kubwa utaiona pale ambapo mwendo ulikuwa tayari mzuri. Anayehangaika na mpando mkali anataka ampea, au gia, au gurudumu dogo. Hilo la mwisho si utani: habu ile ile ikihamishwa kutoka gurudumu la inchi 26 kwenda la 20, msukumo unaongezeka kwa karibu theluthi, na kasi ya juu inashuka kwa karibu robo.

Na kabla ya kununua chochote, angalia betri yenyewe. Soma volti kwenye kioo ukiwa tambarare, kisha zisome ukiwa katikati ya mpando. Betri ya volti 36 iliyojaa inaonyesha 42. Kama ilikuwa 38 tambarare na mlimani inaporomoka hadi 32, mota yako haina kosa. Kontrola nyingi za volti 36 hukata umeme karibu na 30 au 31, na mota kubwa zaidi itaifikisha huko haraka zaidi. Kumbuka pia kwamba kadi ya ulinzi iliyo ndani ya betri ina kikomo chake cha ampea. Kontrola ya ampea 25 kwenye betri ya ampea 15 itazima baiskeli pale pale unapoihitaji.

Kuhusu masafa: kuinua kilo 100 kwa mita 100 za kwenda juu kunadai kama wati-saa 27. Mota iliyo kwenye mwendo wake itachukua 36 hivi kutoka kwenye betri. Iliyokwama itachukua 54 au zaidi. Mlima wa mita 400 juu, tofauti hiyo peke yake ni zaidi ya wati-saa 70.

Ningechagua ipi

Kama mahali pabaya zaidi unabaki juu ya kilomita 15 kwa saa, habu yenye gia ya mizunguko michache inatosha, na utafurahia unyenyekevu wake. Cheni haidhuriki, na ukisahau gia hakuna kinachovunjika. Usiifunge mbele kama mpando ni mkali: uzito unarudi nyuma, gurudumu la mbele linabaki jepesi na kuteleza kwenye changarawe, na foku ya alumini haikutengenezwa kushika ekseli inayotaka kujisokota.

Kama milima ni mifupi na mikali, mizigo ni mizito, na baada ya kupanda kuna mteremko mrefu, habu kubwa isiyo na gia ina hoja. Ila hesabu bei ya betri na kontrola pamoja nayo.

Kama unashuka chini ya kilomita 10 kwa saa kwa zaidi ya dakika mbili tatu, usijisumbue na habu yoyote. Funga ya katikati. Nimejaribu kujibishana na jambo hili kwa miaka na mara zote mlima umeshinda. Asiyetaka kubahatisha aingie kwenye kikokotoo cha bure cha mota cha Grin Technologies wa Vancouver: unachagua mota, kontrola, betri na mwinuko, nacho kinakuonyesha mwendo utakaopata na baada ya dakika ngapi mota itachemka. Hicho ndicho kingeniokolea vigia vyangu.

Ukifunga habu yenye nguvu, weka kipande cha chuma kinachoshika ekseli na kukandamizwa kwenye fremu ili isijizungushe; nati peke yake haitoshi. Panda mlima wako mara ya kwanza ukiwa na spana mfukoni. Ukifika juu simama, weka kiganja kwenye habu. Ukiweza kukiacha hapo ukihesabu hadi kumi, endelea. Ukikitoa kabla ya tatu, ndani kuna moto zaidi ya huo, na safari ijayo punguza ampea. Kisha jaribu nati za ekseli. Yangu ya kushoto ililegea robo mzunguko safari ya kwanza, na tena kidogo safari ya pili. Tangu hapo haijalegea.